Mpe Mgeni Jembe: Sikukuu ya Shukrani kwa Sisi Tulio Mbali na Kwetu

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa Novemba wa jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki hapa Marekani. Wengi walikuwa zamu siku ile, wakaomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, na utani wake.

Hamjambo wanangu? Hamjambo wadogo zangu? Na ninyi wazee wenzangu mliokaa nyuma karibu na birika la chai, nawaona. Hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mama wa kwetu ukimpa dakika ishirini azungumzie chakula, umempa muda wa kusalimia tu. Lakini nitajitahidi.

Alhamisi ya wiki ijayo nchi hii inafunga kwa Sikukuu ya Shukrani. Mabasi yatapungua, maduka mengi yatateremsha milango, na vyuo vingine vitafunga hata mabweni. Mwenzako wa chumbani atakuuliza, wewe unakwenda wapi? Utamjibu nini? Majibu yenu nayajua, nimeyasikia miaka nenda miaka rudi. Kuna wa "nina kazi za chuo". Kuna wa "nimechukua zamu". Na kuna yule wa tatu, anayekunja mikono na kusema, "Hii sikukuu si yetu."

Huyo wa tatu ndiye ninayemtaka leo.

Si yetu. Haya, ni ya nani?

Mnajua hadithi wanayofundishwa watoto wetu shuleni hapa, wanarudi na kofia za karatasi vichwani. Mahujaji, yaani Waingereza waliohamia hapa zamani, walivuna, wakawaalika wenyeji, wakala, wakashukuru. Hadithi nzuri. Ila wameitoa mifupa yote ikabaki mnofu, nami nataka tuiangalie mifupa.

Merikebu yao, Mayflower, ilifika pwani hii mwishoni mwa mwaka 1620 ikiwa na abiria 102. Baridi ikawakuta hawana nyumba. Kufika majira ya kuchipua, karibu nusu yao walikuwa wamezikwa. Nusu, wanangu! Wale waliokaa kula mwaka 1621, wengi wao hawakuwa familia zilizokamilika zenye baba kichwani mwa meza na bibi pembeni. Walikuwamo wagane, na watoto wanaolelewa na majirani. Mmoja wao, Edward Winslow, aliandika barua Desemba ile akisimulia karamu yenyewe: siku tatu, na Massasoit mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa pwani hii, akiwa na watu wake wapatao 90, waliokwenda kuwinda wakaleta paa watano. Hesabu wenyewe. Waingereza waliosalia walikuwa kama 50, wageni 90. Na wageni ndio walioleta nyama.

Halafu yuko mtu mmoja ambaye mimi huwa simtoi moyoni kila ikifika Novemba. Jina lake Tisquantum. Alikuwa mwenyeji wa kijiji cha Patuxet. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alimteka pamoja na wenzake akawapeleka Hispania kuwauza. Akaponyoka kwa namna yake, akafika London, akajifunza lugha, akatafuta kila njia ya kurudi kwao. Alirudi mwaka 1619. Akafika Patuxet. Hakumkuta mtu. Maradhi yaliyoletwa na meli yalikuwa yamepita pwani ile na kukimaliza kijiji chake. Mama, wajomba, watoto aliocheza nao, wote.

Na hao Mahujaji walijenga mji wao wapi? Palepale. Plymouth imejengwa juu ya mashamba ya Patuxet. Tisquantum ndiye aliyewaonyesha namna ya kupanda mahindi katika udongo ule, udongo wa kwao, kwa kuweka samaki kwenye mashimo kama mbolea. Alikuwa mgeni kwenye ardhi ya babu yake. Mwaka uliofuata ule wa karamu, yaani 1622, naye akafa.

Mtu akiniambia hii ni sikukuu ya watu wenye jamaa zao, namuuliza: jamaa gani? Kwenye karamu ile ndugu walikuwa wachache kuliko makaburi.

Sitawaficha upande wa pili. Urafiki ule haukudumu. Haikupita miaka 60, wana wa watu wale wakapigana vita vikali, na wana wa Massasoit ndio walioumia zaidi. Tangu mwaka 1970 wenyeji wa asili na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth Alhamisi hiyohiyo, wala si kwa kula. Wanaiita siku ya maombolezo. Ukialikwa mahali ukamkuta mtu ambaye hataki kusherehekea, usimcheke. Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa tunapaswa kumwelewa kabla hajafungua mdomo.

Sasa sikukuu yenyewe, hii yenye tarehe, ililetwa na nani? Mjane! Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake. Mumewe alifariki mwaka 1822 akamwachia watoto watano. Alipigania siku moja ya taifa zima kwa miaka mingi, akiandikia magavana, akiandikia marais, barua juu ya barua, mpaka Septemba 1863 akamwandikia Rais Abraham Lincoln. Na Lincoln alitangaza siku hiyo Oktoba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka. Tangazo lile linawataja wajane, linawataja yatima, linawataja wafiwa. Limo humo, lisomeni. Siku hii ilipotangazwa, kulikuwa na viti vitupu katika nyumba nyingi za nchi hii, kaskazini na kusini.

Hapa kidogo niwachekeshe, maana naona nyuso zimeanza kukunjamana. Mwaka 1939 Rais Roosevelt aliiwahisha sikukuu kwa wiki moja ili watu wapate muda zaidi wa kununua vitu vya Krismasi. Karibu nusu ya majimbo yakamfuata, mengine yakakataa, na Texas wakaona bora wale siku zote mbili. Wengine wanakula wiki hii, wengine wiki ijayo, na kila mmoja ana hakika yake. Mliokulia katika ubishi wa mwezi wa Idi, mnaona? Hatuko peke yetu. Bunge likaja kumaliza ubishi Desemba 1941: Alhamisi ya nne ya Novemba, basi.

Kwa hiyo lile la "si yetu" tulizike hapa. Tuje kwenye jambo gumu.

Jambo gumu ni hili: kukaa mezani na marafiki halafu ujisikie mpweke kuliko ungebaki chumbani. Limewahi kumpata nani hapa? Nyanyueni mikono, hakuna aibu. Ee! Mnaona?

Nitawasimulia meza mbili nilizoziona kwa macho yangu.

Ya kwanza ilikuwa kwa jamaa mmoja aliyefanikiwa. Nyumba kubwa, zulia jeupe, viatu vimevuliwa mlangoni. Alialika kila mtu, na alialika kwa moyo safi kabisa, Mungu ambariki. Chakula kilipikwa na watu wa kukodi. Tulipofika kila kitu kilikuwa tayari, hata maji yamemiminwa. Ukinyanyuka kutoa sahani unaambiwa, "Kaa, kaa, wewe ni mgeni." Tukakaa. Tukala. Chakula kitamu kwelikweli. Baada ya nusu saa vijana wote wameinamia simu. Mpaka saa mbili usiku watu wameshaanza kuaga, na kila anayeaga ana zamu alfajiri. Zamu gani hizo, watu wote siku moja?

Ya pili ilikuwa kwa wanafunzi, chumba kimoja na jiko, watu kumi na kitu, viti vinne. Walinunua bata mzinga wa barafu, ndiye nyama ya sikukuu hii, Jumatano jioni. Wanangu, sikilizeni vizuri: bata mzinga si kuku wa jirani. Ndani ya friji anahitaji siku nzima kwa kila kilo mbili hivi ili ayeyuke. Bata wa kilo saba anaingia friji Jumapili au Jumatatu. Hawa walimtoa Alhamisi asubuhi, jiwe tupu, ungeweza kumpasulia dirisha.

Mnadhani walifanya nini? Mmoja akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, na wawili wakapewa kazi ya kubadilisha maji kila nusu saa, kwa kupokezana. Kila nusu saa! Wengine wakaanza kumenya viazi, mwingine akapika wali kwanza ili watu wasizimie. Alipolainika kiasi cha kisu kupita, dada mmoja kutoka Kigoma, mkimya ambaye wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake, akasema, "Mleteni huku." Akamkatakata vipande kama anavyokatwa kuku wa mchuzi, nazi, tangawizi, ndimu. Wakati wa kula ilikuwa saa nne usiku. Tulikula kwa mikono, wengine wamekaa sakafuni, wengine kwenye ngazi. Hakuna aliyeshika simu, maana mikono ilikuwa na mchuzi. Na yule dada kuanzia usiku ule ana jina, ana wateja wa mchuzi, ana watu wanaomtafuta akikosekana Jumapili.

Tofauti ilikuwa wapi? Mapenzi? Hapana, yule tajiri alitupenda. Chakula? Cha tajiri kilikuwa bora. Wahenga walishatupa jibu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaitumia methali hii kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naisikia vingine. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia, tumekuhesabu, shamba hili sasa lina mkono wako. Nyumbani kwenu hukuwahi kuwa mgeni siku ya sikukuu, sivyo? Ulikuwa unatumwa. Kalete kuni, kachote maji, kamwite shangazi, shika kichwa cha mbuzi. Ulilalamika, lakini ulikuwa na nafasi ambayo usipokuwapo inaonekana. Unachokikosa huku si pilau ya mama tu. Unakosa kutumwa.

Sasa mtaniambia undugu ni kufaana. Najua. Lakini kufaana kunahitaji ratiba! Harusi tunaunda kamati. Msiba tunaunda kamati, tena ndani ya saa moja, na mweka hazina juu. Kwa nini sikukuu tunaiachia bahati? Kwa nini mtu mmoja, na karibu kila mara ni mwanamke, asimame jikoni tangu alfajiri na wengine wafike na soda?

Basi yeyote atakayeniambia anakuja Alhamisi, nitampa kazi. Hata asiyejua kupika. Hasa asiyejua kupika. Kuna wa kufuata wasio na gari. Kuna wa kukaa na watoto. Kuna wa kuosha masufuria, na huyo tutampa mnofu wa kwanza. Kuna wa kumsikiliza mzee wetu pale akisimulia habari za Mombasa ya zamani, nayo ni kazi, tena haina mapumziko.

Mengine ya jikoni nayapitia mbio. Bata awe wa halali tangu dukani, ili tusije kuulizana mezani. Mkristo hapungukiwi kitu akila cha halali, na Mwislamu anakaa kwa amani. Nyama iwive mpaka kipimo kisome nyuzi 165 za hapa, yaani 74 za kwetu, pale paja linapokuwa nene. Na tafadhali, tafadhali, asitokee kijana wa kutaka kumkaanga bata mzima kwenye pipa la mafuta kwa sababu ameona video. Watu wa zimamoto wa nchi hii wanaijua Alhamisi hii kuliko siku nyingine zote za mwaka, maana ndiyo inayoongoza kwa moto wa majikoni. Bata mwenye barafu akiingia kwenye mafuta yanayochemka, hiyo si karamu tena.

Wale wa zamu nisiwasahau. Sijasema msifanye kazi. Ada zipo, kodi ya nyumba ipo, na nyumbani wanangoja. Ila msidanganyane kwamba siku hiyo lazima ulipwe mara mbili. Sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri binafsi kukuongezea hata senti kwa sababu ya sikukuu. Wengine huongeza, wengine hapana. Uliza kabla hujaiuza siku yako. Na kama unaingia, tuambie unatoka saa ngapi.

Kuna na wale mnaoalikwa na Wamarekani, walimu wenu au watu wa kanisa. Nendeni! Msikatae kwa haya. Wakisema saa nane mchana ni saa nane mchana, si saa kumi. Shika kitu mkononi, hata maua. Na watakapozunguka meza kila mtu akitaja anachoshukuru, usiseme "mimi sina neno". Una neno.

Na nyumbani je? Tupige simu lini? Hili linawachanganya watu kila mwaka. Tangu saa zirudishwe nyuma mwanzoni mwa Novemba, pwani ya mashariki ya nchi hii imekuwa nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa nane. Wa Bujumbura na Bukavu toeni moja, iwe saba. Ukingoja umalize kula saa kumi alasiri ndipo umpigie mama, kwake ni saa sita ya usiku. Utamshtua, atadhani kuna msiba. Piga asubuhi, saa tatu ya hapa. Kwake ni saa kumi na moja jioni, amemaliza shughuli, anapumzika nje. Walioko California ni saa kumi na moja nzima za tofauti, ninyi mpige mkiamka tu.

Mnacheka, lakini najua mnachoogopa. Mnaogopa picha. Ukiweka picha ya meza imejaa, kesho yake simu kumi: "Kumbe mambo yako mazuri, sasa ile ada ya mdogo wako..." Kwa hiyo watu wanaficha furaha. Wanakula kwa siri, wanampigia mama kwa sauti ya unyonge. Mimi naona tunawakosea wazazi wetu hapo. Mama anaogopa mambo mawili tu juu yako: kwamba huli, na kwamba uko peke yako. Mpe simu aongee na waliokuzunguka. Amsikie huyo dada wa Kigoma. Acha amuulize mtoto wa nani na wa ukoo upi, wataelewana wenyewe. Picha unaweza usiziweke kwa hao wengine, hilo sikugombezi.

Nimalizie na jambo zito, niwaombe wa chai watulie kidogo.

Wapo kati yetu ambao hawako mbali kwa hiari. Karatasi zao bado zinashughulikiwa, wakitoka hawana hakika ya kurudi. Miaka michache iliyopita kaka yetu mmoja alifiwa na baba yake Jumatatu ya wiki ya Shukrani. Hakuweza kwenda kuzika. Aliangalia mazishi kwenye simu, Jumatano, ameegemea gari lake kwenye maegesho ya kazini, mtandao ukikatika kila baada ya dakika mbili. Sisi tulikuwa tumeshachanga, ukumbi umeshapatikana. Tukakaa kikao. Wapo waliosema tuahirishe kwa heshima. Wapo waliosema tuendelee, yeye apumzike nyumbani kwake. Mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Apumzike na nani?"

Tulimfuata. Tukakusanya matanga na Shukrani chumba kimoja. Tulianza kwa dua na kwa sala, zote mbili, kisha akatusimulia baba yake. Alikuwa fundi baiskeli, mkali, mwenye kusahau alikoweka miwani iliyo juu ya kichwa chake. Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akalia sana, na hakuna aliyemwambia jikaze mwanaume. Hilo ndilo ninalowaomba kuliko yote niliyosema. Msimwambie mtu jikaze. Ameshajikaza tangu alipokanyaga uwanja wa ndege. Baadaye tukala. Na alipomaliza kula akasimama mwenyewe, akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye masufuria. Mmoja akataka kumzuia. Nikamvuta shati nikamwambia, mwache aoshe.

Haya. Mwenyekiti anaangalia saa. Pale mlangoni kuna daftari la kijani na kalamu imefungwa kwa uzi, msiondoke nayo. Andika jina, andika kazi unayoitaka. Usipochagua nitakuchagulia mimi, na masufuria ni mengi. Mwenye oveni inayofanya kazi aweke alama ya nyota. Mwenye gari aandike lina viti vingapi. Wa zamu ya usiku andikeni saa mnazotoka, kuna mtu atabaki mpaka wa mwisho wenu afike. Na kila mmoja aandike jina la mtu mmoja ambaye leo hakuja na anayedhani hakuna aliyegundua. Namba yake ya simu usiiandike hapo, mpigie wewe mwenyewe, kesho kabla ya saa sita mchana.